Walioandikiwa Uzee

Inspekta alikuwa na jina lake la kuzaliwa, ila pale kituoni hakuna aliyehangaika nalo. Walimwita Kobe. Mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili, mwendo wa taratibu, begi kubwa mgongoni mvua ikinyesha jua likiwaka. Wenzake walifunga mashauri mbio mbio wakaenda kunywa chai. Yeye alikuja nyuma yao, akayafungua.

Asubuhi hiyo aliketi kwenye benchi la mahabusu, ana kwa ana na Mkamwana. Ndivyo alivyoandikwa hata kwenye jalada, kwa maana tangu aolewe mtaani Bondeni hakuwa na jina jingine zaidi ya mkamwana wa Fundi Nguzo.

"Nyoosha mikono," Kobe akamwambia.

"Tangu niletwe humu nimeinyoosha mpaka imechoka, mama. Mara pingu, mara wino wa vidole. Leo ya nini?"

"Leo ya kutazamwa tu."

Mkamwana akanyoosha. Kobe akavuta miwani kutoka kichwani, akainama. Kila ukucha ulikatwa katikati na mstari mweupe mwembamba, kama mtu kapitisha uzi.

"Ulijigonga?"

"Kucha zote kumi? Labda nilianguka na nyumba."

Kobe hakucheka, lakini alipenda. Mtu aliyekwisha kukata tamaa hafanyi mzaha.

"Kabla hujakamatwa, ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa natapika asubuhi. Mama mkwe akapiga vigelegele, akasema ni mimba. Na mimi nikafurahi, nikaanza kuchagua majina. Kumbe hamna kitu." Akakunja vidole vyake taratibu. "Halafu ganzi miguuni. Humu ndani imepungua. Nikasema labda mwili umefurahi kupumzishwa kupika."

"Na Kiroboto?"

Kusikia jina hilo tu, mzaha ukamtoka usoni. Kiroboto alikuwa mtoto wa mumewe, dereva wa malori aliyerudi safarini mara baada ya harusi, na mama yake alikuwa mke wa kwanza aliyefariki. Alipewa jina hilo kwa kuwa hakujua kutembea, alijua kuruka tu.

"Mama, nifungeni mkitaka. Lakini mtoto yule msimrudishe nyumbani kabla hamjajua. Huko ndani kuna kitu. Mimi si mwenda wazimu, kipo. Na kama si mimi, basi bado kipo."

Kobe akasimama. Hilo ndilo neno lililomtoa pale kwenye benchi.

*

Jalada lenyewe halikuwa na mizunguko. Fundi Nguzo, mjenzi wa nyua za watu, aliugua mvua zilipoanza. Tumbo, kifua, mikono kufa ganzi, kisha akafa. Angezikwa kimya kimya kama wengine wa mtaa ule. Mdogo wake akapiga kelele, akataka maiti ipasuliwe, akamtaja Mkamwana. Mkemia akakuta aseniki kwenye ini, sumu ile ya kuulia panya na maadui. Wakampima Kiroboto, naye wakamkuta nayo. Mpishi alikuwa mmoja, tena mama wa kambo. Mkuu wa kituo akafuta jasho, akaandika neno *mauaji*, akapigia mstari.

"Kesho anakwenda mahakamani," Mkuu alisema bila kuinua kichwa.

"Mkuu, mshtakiwa naye ana sumu mwilini. Nimeona kucha zake, zina ule mstari mweupe wa aseniki."

"Mpishi lazima aonje."

"Anayetia sumu haonji."

"Huyu mjinga."

"Jana ulisema ni mjanja sana."

"Mjanja mjinga. Wapo." Mkuu akaweka kalamu chini. "Sikiliza, Kobe. Tumemshika mwanamke, mtoto akaanza kupona. Leo jioni anatolewa hospitali. Unataka ushahidi gani tena, sumu yenyewe ije kupiga saluti?"

"Mtoto amepona hospitali. Nyumbani amebaki nani?"

"Bibi yake, mjane wa marehemu."

"Anaendeleaje?"

Mkuu akainua mabega. "Sasa ataendeleaje? Ni mzee."

Kobe akavaa begi lake.

*

Bondeni maji ya mvua yalikuwa yanapita barabarani kama yana haraka ya kwenda kazini. Vyumba vilipangana mgongo kwa mgongo, na juu ya kila bati moshi ulitafuta pa kutokea. Siku za kiangazi watu hupikia nje. Mvua ikija, jiko linahamia ndani, mlango unarudishwa, maisha yanaendelea.

Mlangoni alipokelewa na mdogo wa marehemu, mtu wa maneno mengi aliyeitwa Bwana Haki kwa sababu hakumaliza sentensi bila kuiapia.

"Haki ya nani, Inspekta, nimefurahi umekuja. Yule mwanamke anyongwe. Mimi jioni nakwenda kumchukua mtoto wetu, namleta hapa kwao."

"Wewe unaishi hapa?"

"Chumba cha nyuma."

"Unakula hapa?"

Bwana Haki akapandisha suruali. "Haki tupu, sijagusa sufuria ya nyumba hii tangu aingie. Nakula kwa mama ntilie pale kona. Moyo wangu ulishaniambia."

Kobe akamtazama. Nyumba nzima inaugua, mmoja mzima, na huyo mmoja hali chakula cha hapa. Tena kaka mtu akishafukiwa, vyumba vinabaki kwa nani? Angekuwa mpelelezi mwenye haraka, pingu zingebadilisha mikono saa ile ile. Lakini Mkemia alikwisha kupima unga, sukari, chumvi, majani ya chai, mafuta na maji ya mtungi. Vyote safi. Sumu haikupita kwenye chakula, awe ameitia huyu au yule.

"Aliingia lini hasa, huyo mkamwana wenu?"

"Mvua zilipoanza. Wiki ile ile! Kaka akaanza kukohoa, mtoto akaanza kunyong'onyea. Hesabu hiyo haihitaji shule."

"Mvua zilipoanza," Kobe akarudia, akaingia ndani.

Ndani macho yalimuwasha. Bibi alikuwa amejikunja kwenye kigoda mbele ya jiko la kuni, kitenge kimemfunika mabega, kopo la matapishi miguuni. Alijaribu kuinuka kwa adabu, goti likamkatalia.

"Kaa, kaa. Naitwa Kobe, wa polisi. Shikamoo," Kobe alisema, kwa maana uso ule ulikuwa wa mtu wa kuamkiwa.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, uzee huu. Miguu siisikii. Jana nimekanyaga kaa la moto, nikajua kwa harufu."

"Umetapika leo?"

"Leo, jana. Tumbo la uzee halitaki kitu."

"Na Fundi alikuwaje?"

"Ah, yeye ni kifua cha kazi. Vumbi la msumeno. Alikuwa akirudi anakaa hapa hapa nilipo, anapasha moto kifua."

"Na Kiroboto?"

"Minyoo. Watoto wa huku chini, nani hana minyoo?"

Kobe akachuchumaa. Kifua cha kazi. Minyoo. Mimba. Uzee. Kila mtu wa nyumba hii alikuwa na ugonjwa wake, na kila ugonjwa ulikuwa na jina linaloridhisha, hata pasiwe na mtu wa kuuliza swali la pili. Akaomba mkono wa Bibi. Kucha zote, mstari mweupe.

Mkamwana alikuwa mahabusu muda wote huo, na huyu hapa bado anatapika.

"Bibi, una miaka mingapi?"

Bibi akataja mwaka aliozaliwa. Kobe akadhani hakusikia vizuri, akauliza tena. Ulikuwa mwaka wake yeye mwenyewe.

"Basi nirudishie shikamoo yangu," akasema.

Bibi akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Daktari wa zahanati ya mtaa aliitwa, akaja na buti za mpira na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu apate kazi. Akampima Bibi mapigo, akavuta kope, akatingisha kichwa.

"Ni utu uzima tu, Inspekta."

"Daktari, tumezaliwa mwaka mmoja mimi na yeye. Na mimi niandikie utu uzima?"

Daktari akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akavua stethoskopu polepole.

"Nikuambie ukweli? Huku chini mtu akipita hamsini akafa bila jeraha, naandika uzee. Sina kipimo, sina friji, nina foleni mpaka barabarani. Mlimani mtu wa miaka themanini akipiga chafya wanaita mabingwa wawili. Huku nikiandika *haijulikani*, karatasi inarudi, maziko yanachelewa, ndugu wananitukana. Uzee haurudishwi."

"Mtaa huu umeandika uzee mara ngapi tangu mvua zianze?"

Daktari aliangalia paa, midomo ikihesabu, na kadiri alivyohesabu ndivyo uso ulivyombadilika. "Jirani wa hapa kulia," akasema. "Na yule mshona viatu. Walikuwa... ee Mungu wangu. Walikuwa vijana wa jana tu."

"Kwa hiyo huyu Fundi asingeshukiwa kuuawa, asingepimwa."

"Asingepimwa," Daktari alikiri.

Ndipo Bibi, aliyeona moto unafifia na wageni wamo ndani, akanyoosha mkono nyuma yake akachukua kuni, akaisukuma jikoni. Kipande kilichokatwa vizuri, mviringo, pande zote sawa. Si kuni ya porini hiyo. Na ubavuni ilikuwa na rangi ya kijani iliyopauka, kama shaba iliyonyeshewa.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Mabaki ya kazi ya marehemu. Huko Mlimani wakimaliza ua, tajiri anawapa vipande. Mbao nzuri, haina utomvu, inashika moto hata ikiwa mbichi. Marehemu alikuwa na mkono wazi, akimletea jirani, akimletea mshona viatu. Majivu yake nayo yanasugua sufuria zinang'aa kama za dukani."

Kobe akamshika Bibi kwapani. "Inuka. Daktari, shika upande huo. Tunatoka nje."

"Mvua hii?"

"Mvua haijaua mtu leo."

Bwana Haki alikuwa bado mlangoni. "Mnampeleka wapi shemeji yangu? Haki ya Mungu..."

"Wewe nenda nyumba zote walizopewa kuni hizi, waambie wazime majiko na wafungue milango. Umepiga kelele ukasikika mara ya kwanza. Piga tena."

Bwana Haki akamtazama, akatazama kile kipande cha kijani, na kwa mara ya kwanza akaondoka bila kuapa.

*

Mlimani mvua ilikuwa ile ile, ila ilikuwa na mifereji ya kupitia. Ua mpya uliizunguka nyumba kama askari waliokwenda kwa fundi mmoja wa nguo. Nguzo zote za kijani kilichopauka. Bustanini, juu ya ngazi, alisimama mwanamke mwenye mvi, koti la mvua mwilini na mkasi mkononi, anapunguza maua yaliyopanda ukutani.

"Shuka, mama, utaanguka!" Kobe alimpigia kelele kabla hata ya salamu.

"Nina miaka themanini na moja, sijaanguka bado," akajibu Bi Mkubwa, akashuka bila kushika. "Nani mwenzangu?"

Kobe akajitambulisha, akaeleza ametoka nyumbani kwa Fundi Nguzo. Bi Mkubwa akavua glavu.

"Maskini Fundi. Mkono wa dhahabu. Niliambiwa amefariki kwa uzee, nikashangaa, nilidhani ni kijana. Nilimwambia kila jioni, chukua vipande, mpelekee mama watoto. Siwezi kuona mbao inatupwa na watu wanahangaika na kuni."

Alisema kwa moyo safi, na Kobe akaona ni heri angekuwa mtu mbaya. Kazi ingekuwa nyepesi.

"Mbao hizi mbona kijani?"

"Zimenyweshwa dawa. Mchwa hagusi. Muuzaji kanipa uhakika wa miaka thelathini, nikamwambia unanitania, nitakuwepo kuhakiki?"

"Dawa gani, mama?"

"Sasa hapo umenishika. Ngoja." Akatoa simu mfukoni mwa aproni, akapiga, akaweka sauti juu. "Wewe muuza mbao, nguzo zangu mlizinywesha nini?"

"Dawa ya kawaida, Bi Mkubwa," sauti ikajibu kwa bashasha ya mtu anayenusa oda mpya. "Shaba, kromi na aseniki. Haidhuru kabisa ikisimama ardhini. Ila msiichome tu, moshi na majivu yake ni sumu kali. Nadhani tuliwaambia."

"Mlimwambia nani?" Kobe aliuliza.

Bashasha ikapungua. "Mwenye nyumba. Ndiye mteja."

Bi Mkubwa akakaa kwenye ngazi ya chini. Aliitazama bustani yake, halafu moshi wa Bondeni uliokuwa ukipanda kule chini.

"Aliniambia," akasema. "Nikajibu hainihusu, mimi napikia gesi."

Kobe akatua begi lake chini. Aliomba kipande kimoja cha nguzo, akakifunga, akakitia begini pamoja na mfuko wa majivu aliyoyachota jikoni kwa Bibi.

"Inspekta," Bi Mkubwa alimwita akiwa amefika getini. "Watu wa mtaa ule watapikia nini leo?"

"Sijui."

"Mimi najua. Dereva wangu yupo, na duka la gesi liko wazi."

*

Mkemia alikuwa mtu wa kunung'unika. Alinung'unika akipokea majivu, akanung'unika akiyapima, kisha akanyamaza ghafla. Kwa wanaomjua, kimya chake kilikuwa na uzito kuliko cheti.

"Nimepima chakula chao chote," akasema mwishowe. "Unga, chumvi, hata majani ya chai. Sikuwaza kupima moto."

"Hakuna aliyewaza. Moto hauliwi."

"Huu umeliwa. Kijiko kimoja cha majivu haya, Kobe, usingefika mlangoni. Na wao wanasugulia sufuria!" Akaandika, akagonga muhuri, akagonga tena kwa hasira. "Mpelekee Mkuu wako. Mwambie aliyemuua Fundi ni ua wa Mlimani."

Mkuu wa kituo alisoma kwa kukunja uso. Alisoma tena. Kisha akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu kama aliyetuliwa gunia, na Kobe akajua kwamba hata yeye, kwa kelele zake zote, hakuwa amelala vizuri.

"Kwa hiyo hakuna muuaji."

"Kuna maiti, Mkuu. Na kuna muuza mbao anayemwambia mwenye nyumba na kumwacha anayeshika msumeno. Huyo nitamfungulia jalada lake, taratibu."

"Taratibu yako naijua." Akavuta funguo kwenye droo. "Nenda kamfungulie mwanamke wa watu. Mwambie... mwambie nini sasa?"

"Nenda ukamwambie mwenyewe."

Mkuu akaenda. Kobe alimsikia kwa mbali akikohoa, akianza, akikwama, akianza tena. Halafu sauti ya Mkamwana: "Mzee, samahani nimeipokea. Lakini mtoto anatolewa jioni hii. Una gari au huna?"

Alikuwa na gari.

*

Walimkuta Kiroboto ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali, kifurushi mapajani, akimngoja wa kumpeleka nyumbani. Nywele zilikuwa zimepungua kichwani, macho yamekuwa makubwa. Bwana Haki alisimama kando, ameloa chapa chapa, sauti imemkauka kwa kugongea watu milango. Alipomwona Mkamwana akainamisha kichwa.

"Shemeji... mkwe... haki ya..." Ikamshinda.

"Acha, baba mdogo," alisema Mkamwana. "Usingepiga kelele, tungezikwa mmoja mmoja na mihuri ya zahanati juu. Kunipaka matope umenipaka, hilo utanilipa kwa kubeba maji mwaka mzima. Lakini ulipiga kelele."

Kiroboto alikwisha kumwona. Alishuka kitandani, akajaribu miguu yake sakafuni kama anayejaribu maji ya kuoga, kisha akaruka. Mruko mdogo, wa upande upande. Akaruka tena. Wa tatu ukamfikisha kwenye sketi ya mama yake wa kambo, naye Mkamwana, aliyekuwa hajatoa chozi mahabusu, akalia kwa sauti bila kujali wodi.

Kwenye kitanda cha pili alilazwa Bibi, dripu mkononi, dawa ya kutoa sumu ikimshuka. Kule koridoni majirani walikaa wamepanga foleni, wakubwa kwa watoto, na Daktari wa zahanati anapita na tochi akitazama kucha moja moja. Hakumruka mtu. Wengi watapona, alimwambia Kobe, na alisema kwa sauti ya mtu asiyezoea neno hilo.

Akafika kwa Bibi, akatoa fomu ya kulazwa, akafungua kalamu. Bibi akajiinua kwa kiwiko kutazama.

"Inspekta, kumbe si uzee?"

"Si uzee."

"Kwa hiyo miguu itarudi?"

"Polepole," alisema Daktari. "Lakini itarudi."

Bibi akalala chali, akatazama dari. Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo, likahamia wa pili. "Maskini mume wangu," akasema, na akanyamaza kwa ajili yake. Kisha akamgeukia Daktari aliyekuwa ameinamia fomu.

"Hapo kwenye umri uandike vizuri, mwanangu. Mimi na huyu Kobe tumezaliwa mwaka mmoja. Mwangalie. Bado anabeba begi."